Unaprinti tisheti nyumbani? Chukua nusu kwanza

Kuprinti tisheti sebuleni pale Sotik hakuhitaji mtaji mkubwa: fremu ya mbao, kitambaa cha wavu, dawa na wino. Dawa hiyo hushika ikipigwa na mwanga. Palipozibwa na mchoro huoshwa kwa maji, na wino hupitia hapo. (Jua la mchana linatosha, ila mawingu ya huko unayajua!)

Shida huja na oda. Umeprinti tisheti 20 zenye jina la chama, halafu mteja ananyamaza. Utamuuzia nani mwingine? Tunakushauri uombe nusu ya pesa kabla ya kununua tisheti. Siku ya kuchukua mzigo, akikuonyesha meseji ya malipo, angalia salio lako mwenyewe kwanza. Meseji ni rahisi kughushi.