Hitilafu Isiyojitangaza

Katika taarifa za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya Tanzania, kisanduku kilichoachwa wazi na kile chenye 0 havisemi jambo moja. Zahanati ya mwambao wa Wampembe ikiandika 0 kwenye safu ya malaria, imehesabu ikakuta hakuna mgonjwa. Ikiacha wazi, ofisi ya wilaya huko Namanyere haina la kuhitimisha. Tofauti hiyo hupotea kirahisi mfumo unapohamishiwa hifadhidata nyingine.

Majedwali huhama bila shida kubwa. Matata yako kwenye programu ndogondogo zinazoishi ndani ya hifadhidata yenyewe, zikijumlisha na kukagua. Katika hifadhidata ya Oracle, programu ikitafuta takwimu za kituo isizikute, hitilafu hutangazwa papo hapo. Ipeleke kwenye hifadhidata ya PostgreSQL karibu ilivyo: itapokelewa, itafanya kazi, na mahali pa jibu patabaki patupu bila onyo, mpaka mwandishi wa programu aongeze neno STRICT. Jumla ya wilaya huruka patupu hapo, na ripoti hutoka safi, ikiwa pungufu.

Kuna baya zaidi. Tuseme programu inaingiza chanjo za vituo; tisa vimeshaingia, inakwama kwenye cha kumi, na hitilafu inanaswa mwishoni. Oracle huviacha vile tisa. PostgreSQL hufuta vyote vilivyoingizwa ndani ya fungu la maagizo linalonasa hitilafu hiyo. Kama mwandishi wa zamani aliagiza hitilafu imezwe kimya, vituo tisa vimetoweka na hakuna aliyeambiwa. Kwangu mimi, agizo la namna hiyo lisivuke kamwe. Kila hitilafu inayonaswa iandikwe kwenye daftari la mfumo: kituo gani, mwezi gani, hatua gani.

DHIS2, programu ya taarifa za afya iliyokwisha kuenea Tanzania nzima kufikia mwisho wa 2013, ilipunguza mzigo huu wa kuhama. Mtangulizi wake alijengwa juu ya Microsoft Access. Yenyewe iliandikwa kwa Java, kanuni zake nyingi zikikaa nje ya hifadhidata, hivyo miaka ya mwanzo iliweza kutumia MySQL au PostgreSQL.

Ambaye kanuni za mfumo wake bado zimo ndani ya hifadhidata aendeshe mifumo miwili sambamba kwa data za mwezi uleule, alinganishe kituo kwa kituo, kwani jumla huficha. Kisha aondoe takwimu za Wampembe makusudi. Mfumo mpya ukitoa ripoti bila kulalamika, wa zamani usizimwe bado.