Kariakoo ni Jina la Wapagazi

Anayetoka Dar es Salaam hutuletea kanga za Kariakoo. Je, jina la mtaa huo limetoka wapi?

Katika Vita Kuu ya 1914–1918, iliyofika hata Bukoba mwaka 1915, Waingereza waliwachukua Waafrika maelfu kwa maelfu wawabebee mizigo. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Pale ndipo ilipokuwa kambi yao. Watu wakatamka "Kariakoo". Wapagazi wengi walikufa kwa maradhi, siyo kwa risasi.

Soko kubwa la mtaa huo lilichorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Liliungua mwaka 2021.

Basi, tukisema Kariakoo, tusikumbuke bidhaa tu. Tuwakumbuke na wapagazi wale. Huenda babu yako alikuwa mmojawao.