Tujaribu Kabla ya Daftari la Kweli



Mwaka 1964 shirika la ndege la American Airlines la Marekani lilikamilisha mtambo wa Sabre, uliotengenezwa pamoja na kampuni ya IBM, wa kuweka nafasi za abiria kwa kompyuta. Katika mtambo wa namna hiyo, kosa moja laweza kuuza kiti kimoja kwa watu wawili. Kwa hiyo yafaa kuujaribu kwanza kwa safari na abiria wa kubuni.

SimCRS ni maktaba ya programu inayoiga mtambo wa namna hiyo, nayo hutolewa bure. Haisimami peke yake: huitegemea AirInv, inayotunza hesabu ya viti, na zote mbili huitegemea StdAir. Basi StdAir huwekwa kabla ya AirInv, na AirInv kabla ya SimCRS. Matoleo hayana budi kupatana, na kila badiliko liandikwe.

Chama kinachohamishia hesabu za wanachama katika kompyuta kifuate utaratibu huo: kwanza mizani na malipo ya kubuni, yalinganishwe na daftari, ndipo iingizwe fedha ya mkulima. Kosa la jaribio hufutwa. Kosa la malipo humnyima mtu jasho lake.