Dalili za Kuharibika kwa Masega ya Motokaa

Siku hizi motokaa si kitu cha matajiri peke yao. Nyumba nyingi za watu wa wastani zimejipatia gari, aghalabu lililokwisha kutumika Japani miaka kadhaa, nalo ndilo lipelekalo watoto chuoni na wagonjwa hospitali. Lakini wengi wetu tujualo ni kutia petroli na kubadili oili tu. Viungo vingine hatuvitambui mpaka vituharibikie. Kimoja katika hivyo ni kile ambacho mafundi hukiita masega. Twapenda kukieleza hapa, kwa kuwa kuharibika kwake kwadhuru mfuko wa mwenye gari, na kukiondoa kwadhuru pumzi za watu wote.

Masega ni chombo kilichofungwa katika bomba la moshi, karibu na injini. Ndani yake mna kipande cha udongo wa kuchomwa chenye vijitundu vingi mfano wa sega la nyuki, nacho kimepakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi upitapo humo, sumu zake hugeuzwa. Kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu nayo huua, hugeuka kuwa kaboni dayoksaidi. Na petroli isiyoungua hugeuka kuwa hewa iyo hiyo na mvuke wa maji. Kazi hii haianzi mpaka chombo kipate moto, yapata digrii 300 za Selsiasi.

Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alikibuni chombo cha namna hii katika miaka ya 1950. Lakini petroli ya zama hizo ilitiwa risasi, na risasi hufunika yale madini hata yasifanye kazi. Kwa hiyo hakikuenea mpaka mwaka 1975, magari mapya ya Marekani yalipoanza kutumia petroli isiyo na risasi. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, karibu zote, ziliiacha petroli ya risasi kufikia mwaka 2006.

Sasa tuzitaje dalili.

Kwanza, gari hukosa nguvu. Masega yakiziba, moshi hukosa njia, na injini huwa kama mtu aliyezibwa pua. Mlimani gari hulemewa, na likizidi huzimika.

Pili, petroli huisha upesi kuliko ada kwa safari ile ile.

Tatu, nyuma ya gari hutoka harufu ya yai viza, nayo yatokana na salfa iliyomo katika petroli.

Nne, husikika mchakacho chini ya gari, kama mawe ndani ya kopo. Huo ni udongo uliovunjika.

Tano, sakafu hupata joto kali, na usiku huenda chombo kikaonekana chekundu. Gari la namna hiyo lisiegeshwe kamwe juu ya nyasi kavu.

Sita, taa ya injini huwaka katika dashibodi. Ikiwaka na kutulia, apelekewe fundi mwenye mashine ya kuisoma. Mara nyingi namba itokayo ni P0420. Ikiwa yamemeta, maana yake injini yakosa kuchoma sawasawa, na petroli mbichi yaingia katika masega na kuungulia humo. Hapo mwendo upunguzwe mara moja, na gari lisilazimishwe.

Lakini mtu asihukumu kwa dalili moja. Gari hukosa nguvu hata kwa kichujio kichafu, na namba ile hutoka hata bomba likiwa limetoboka tu. Fundi hodari hupima kwanza, kwa geji, msukumo wa moshi kabla haujafika katika masega.

Tena masega hayafi bure. Huuawa na plagi mbovu, au injini inayokula oili, ambayo moshi wake ni wa buluu, au maji ya rejeta yanayovujia ndani. Atiaye masega mapya bila kuondoa sababu hiyo atanunua mara ya pili.

Wako mafundi wanaoshauri masega yatobolewe au yatolewe kabisa, wakisema gari litapata wepesi. Kweli, bomba lililoziba likifunguliwa gari hukimbia. Lakini ugonjwa uliolileta ungali injinini, na sumu yote yatoka sasa usawa wa pua za watoto waendao kwa miguu. Tena yale madini yana bei kubwa, na mwenye gari aachaye kipande cha zamani gereji ameacha mali yake. Aulize kiko wapi, wala asione haya.

Mwisho, hata masega yakiwa mazima, injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Chombo kikiwa baridi hakizuii kitu, na hewa ile haimwonyi mtu kabla ya kumlaza.