Bodaboda za Kampala: kiti kirefu, breki zilezile

Mwendesha bodaboda jijini Kampala anapoipeleka Bajaj Boxer yake gereji, mara nyingi hutanguliza starehe na mapato. Kiti hurefushwa na kuongezewa sponji, shokomzoba za nyuma hukazwa, na chuma cha kukinga miguu hufungwa mbele.

Chuma hicho kina faida pikipiki ikiangushwa kwenye foleni. Kiti kirefu ndicho chenye mtego. Sheria ya Uganda inaruhusu abiria mmoja tu, lakini nafasi ikiwapo hupanda wawili, pengine na mkungu wa matoke. Uzito ukirundikana nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani hauitikii vizuri, na taa huinuka ikawapofusha wanaokuja. Breki hazikuongezwa nguvu, na mteremko wa Namirembe hauna huruma.

Fedha hiyo ingeanzia kwenye breki na matairi, kisha kofia ngumu mbili. SafeBoda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 2014, iliwazoesha abiria wengi kupewa kofia. Hata hivyo, kofia iliyokwisha kugongwa kwa nguvu haifai tena, ijapokuwa haina ufa unaoonekana.