Homa imekwisha, nguvu hazijarudi

Kongo ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Korona tarehe 10 Machi 2020, mjini Kinshasa. Mwezi mmoja baadaye mji wa Uvira, mashariki mwa nchi, ulipata msiba mwingine: mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Kipindupindu na malaria vilikuwapo tangu zamani. Katika hali hiyo, nani angekwenda kutafuta kipimo cha Korona? Mtu akishikwa na homa alinywa dawa ya malaria, akalala siku kadhaa, akaamka na kurudi kazini.

Lakini si wote walioamka wazima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya watu 100 wanaougua Korona, 6 hivi hubaki na madhara ya muda mrefu: uchovu, pumzi fupi, moyo kwenda mbio, usahaulifu, usingizi mbovu. Dalili hizo huwapo miezi mitatu baada ya kuugua, zikiwa zimedumu miezi miwili au zaidi, na hazina sababu nyingine. Hata aliyeugua kidogo zinaweza kumpata.

Kwa mama wa mtaa wa Kimanga, Uvira, anayebeba bidoni ya maji ya lita 20, ugonjwa huu wa baada ya Korona una mtego wake. Leo anajikaza, anachota maji, anafua, anakwenda sokoni kuuza ndagala. Kesho yake, au keshokutwa, hawezi kuinuka kitandani. Majirani wanasema ni mvivu. Wengine wanasema amerogwa.

Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha, wala dawa moja ya kuumaliza. Ndiyo maana daktari huanza kwa kuondoa magonjwa mengine: kifua kikuu, upungufu wa damu, kisukari, maradhi ya moyo. Kikohozi kikipita wiki mbili, makohozi yapimwe. Usipopatikana ugonjwa mwingine, mgonjwa agawe kazi zake, apumzike kabla ya kuchoka kabisa, aongeze mwendo polepole kadiri mwili unavyokubali. Chanjo ya Korona nayo hupunguza hatari ya kubaki na madhara hayo.

Basi ukienda kwa daktari, usiseme tu kwamba umechoka. Mweleze ulivyougua, lini, na ulichoshindwa kufanya tangu hapo, hata kama hukupimwa. Na nyumbani, mwenye kuugua asaidiwe kubeba maji kabla ya kuitwa mvivu.