Kitufe Kimegoma, Lawama Kwangu!

"Mke wangu, kweli umefikia hatua ya kuniharibia gemu?"

Swali hilo lilinichoma. Ni kweli nilishalalamika kwamba PSP inaniibia mume kila jioni, maana baridi ya Sumbawanga ikianza watu tunajifungia ndani mapema. Lakini kitufe cha X sikukigusa jamani! Na nilielewa uchungu wake: Sony waliacha kutengeneza PSP mwaka 2014, huipati mpya dukani.

Badala ya kununiana, nikamwambia tupime. Tulijaribu gemu tatu, zote X ikagoma. Basi kosa halikuwa kwenye gemu. Akibonyeza kwa nguvu, kinaitika mara mojamoja. Hiyo ni dalili ya uchafu.

Tukazima, tukatoa betri, tukafungua kwa bisibisi ndogo ya nyota. Chini ya kitufe kuna kimpira chenye kaboni; ukibonyeza, kaboni inaunganisha njia mbili za umeme. Hapo katikati tulikuta vumbi la kiangazi cha Ufipa limegandana na soda. Soda ya nani? Yake mwenyewe!

Tulifuta taratibu kwa pamba ya masikio yenye spiriti kidogo, bila kukwangua kaboni, tukaacha pakauke kabisa. X ikaitika. Ila msomaji, kaboni ikishalika, kusafisha hakusaidii, badilisha kimpira.

Mume wangu aliniomba radhi, na siku hizi tunacheza kwa zamu. Nawe, kabla hujamtuhumu mwenzio, fungua kwanza uone kilichomo ndani.